Agizo Lisiloonekana Halifuatwi

Ndugu wanachama, mwezi uliopita niliwasomea wakulima wa tawi letu karatasi ya mafunzo ya dawa za pamba. Ilikuwa na mistari thelathini, na onyo la kutoosha bomba mtoni lilikuwa katika mstari wa mwisho. Nilipofika hapo wengi walikwisha choka kusikiliza. Je, kosa ni lao?

Katika uchaguzi wa wabunge wa 1965 wagombea walipewa alama mbili, Jembe na Nyumba, na asiyejua kusoma aliweza kumchagua amtakaye. Hata leo chupa nyingi za dawa zina ukanda wa rangi: nyekundu ni sumu kali kabisa, kisha manjano, buluu na kijani. Lakini ni nani aliyewafundisha wakulima maana yake?

Basi kila agizo lipewe picha, na maneno machache chini yake, kwa kufuata mpango wa kazi yenyewe. Tena kabla ya kuchapa tuwaonyeshe wakulima na kuwauliza wanaona nini, maana picha isiyoeleweka yaweza kuua sawa na maandishi yasiyosomwa. Walimu tuliomo chamani tuianze kazi hiyo. Mkulima asife kwa ajili ya mstari wa thelathini.