MAUA YA ALTARE YASIENDE KWENYE TAKATAKA

Kazi za mikono katika jamaa



Siku ya Mungu altare inapendeza. Siku ya kwanza asubuhi bamama wa usafi wanafagia, na maua yanaenda wapi? Nyuma ya ukuta pamoja na masashé, ama kwenye moto. Ni vile vile nyuma ya ndoa, na nyuma ya kilio. Tulitoa franka kuyanunua, ama tulitoa jasho kuyapanda, na nyuma ya siku mbili tatu yamekuwa takataka. Ukiuliza, mutoto atakujibu: "Mama, iyi maua si ni bucafu tu?"

Mukumbuke Yezu alipolisha watu elfu tano. Hakuacha mabaki chini kwa sababu kila mutu ameshiba. Aliwatuma wanafunzi wayakusanye, na vikapu 12 vikajaa. Mwezi huu sisi pia tujifunze kukusanya.

WENGINE WAMEKWISHA KUANZA

Kule Uhindi, watu wa dini ya Kihindu wanapeleka maua katika mahekalu yao kila siku. Yakinyauka, hawapendi kuyachanganya na takataka, kwani yalitolewa kwa heshima. Basi mingi yanatupwa katika muto Ganga. Lakini maua yale yalipulizwa dawa za wadudu shambani, na ile dawa inashuka katika maji yenye watu wanaoga na kunywa.

Mwaka 2015, katika muji wa Kanpur, vijana wawili, Ankit Agarwal na rafiki yake Karan Rastogi, walianza kukusanya maua ya mahekalu. Yanatengwa, yanakaushwa, yanasagwa. Bamama wanayafinyanga kwa mikono kuwa vijiti vya ubani, na mengine yanakuwa mbolea. Nyuma waliona jambo la kushangaza: juu ya lundo la maua ilimea tabaka nyeupe, nzito, sawa ngozi. Vilikuwa vidudu vidogo sana vyenye kula maua. Wakafuata ile alama, wakatengeneza kitu kinachofanana na ngozi ya nyama, bila kuchinja nyama, wakakiita Fleather.

Sisi hatuna mashine za kufanya ngozi. Lakini rangi ya nguo tunaweza kuipika katika lopango yetu, juu ya mbabula.

MAUA GANI?

Lenye kufaa zaidi ni lile la manjano ama la rangi ya machungwa, lenye majani yanayonuka sana, lenye Wafaransa wanaita œillet d'Inde. Rangi yake inashika nguo kweli.

Usidanganywe na macho. Ibisko nyekundu na bugenvilia zinatoa maji ya kupendeza sana, lakini ukifua nguo kwa sabuni rangi inageuka, na jua linamaliza yenye ilibaki. Na maua ya plastiki, yenye tunaona siku hizi katika makanisa mengi, hayapikwi hata kidogo! Ondoa tena waya na riboni mbele ya kuanza.

NAMNA YA KUFANYA

Kwa nusu kilo ya nguo ya pamba tafuta: kilo moja ya maua mabichi (ama nusu kilo ya maua makavu), nusu kilo ya majani ya mapera, na gramu 75 za alun, ni karibu vijiko vitano vya mezani vya unga wake. Alun ni lile jiwe la vinyozi. Ndugu zetu wa mashariki wanaliita shabu. Nguo ya poliesta haikubali. Kama una mashaka, choma uzi mumoja: ukiyeyuka sawa plastiki, acha.

1. Fua nguo muzuri kwa sabuni na maji ya moto. Mafuta yakibaki, rangi itakuwa na madoa.

2. Chemsha majani ya mapera saa moja, chuja, loweka nguo ndani usiku muzima. Pamba peke yake haishiki rangi kwa nguvu. Maji ya majani haya yanaisaidia.

3. Yeyusha alun katika maji ya moto, ongeza maji mpaka nguo ifunikwe. Iache tena usiku muzima. Ile alun njo inafunga rangi. Bila yake, utafua na yote itaenda.

4. Chemsha maua saa moja kwa moto mudogo. Moto mukali unaharibu manjano, yanakuwa kahawia. Chuja.

5. Kamua nguo, itie katika maji ya maua, moto mudogo saa moja, ukiigeuza-geuza kwa muti. Iache ipoe ndani.

6. Anika kivulini. Ngoja siku chache mbele ya kuifua.

Makala ni ghali, na miti yetu inaisha. Kama jua ni kali, tia maua na nguo katika chupa kubwa yenye mudomo mupana, uiache juani siku mbili tatu. Rangi itaingia polepole bila moto.

Nyungu ya rangi isirudi kupika bukari. Na watoto wakae mbali.

HAPA MUSIKILIZE MUZURI

Mafundi wa zamani walijua kama shaba inageuza manjano kuwa kijani. Basi kijana mwenye akili nyingi atasema: "Shaba si iko kwetu? Tuende kuchota ile maji ya kijani ku mine!" Hapana, mutoto wangu. Maji yale yanaweza kuwa na asidi na vyuma vingine vyenye sumu. Asidi inakula nguo na ngozi ya mikono yako, na ukimwaga mabaki katika lopango, yatafuata njia ya kisima. Unga wa mawe ya kijani pia tuuache.

Ukitaka kijani ya giza, loweka misumari yenye kutu katika maji ya ndimu juma moja, kisha tia kidogo katika maji ya maua. Inatosha.

Tena, usinunue bidoni ama pipa lenye lilitoka ku kiwanda, hata wakikuambia limeoshwa mara kumi. Huwezi kuona sumu kwa macho. Na maua yenye yamemea kando ya barabara ya makamyoni, yenye kujaa vumbi ya mine, usiyakusanye. Haifai mama afunge mutoto wake katika kitambaa kizuri chenye kitamugonjesha.

MAKAPI PIA TUSITUPE

Maua yenye yamekwisha kupikwa, yatwange. Changanya na gazeti kuukuu lililolowekwa na uji muzito wa unga wa mihogo. Panga ndani ya kopo, toboa chini, kausha juani. Umepata kopo la kuoteshea nyanya ama papai. Siku ya kupanda unaliingiza lote katika udongo, nalo linaoza. Serikali ilikataza masashé ya plastiki kwa dekreti ya Desemba 2017, lakini munaona wenyewe vile mifereji ingali inajaa. Tuanze sisi.

NA FRANKA?

Sitawadanganya, vijana. Rangi hii haitajirishi mutu kwa mwezi moja. Anza na leso moja. Ifue mara tano, uiweke juani, uone. Kisha fanya vilemba vya koro, ama kitambaa cha altare yenyewe. Andika bei ya nguo, ya alun, ya makala. Kama kunabaki kitu, uuze. Na umuambie munuzaji ukweli, kama nguo hii ifuliwe kwa maji baridi na ianikwe kivulini.

Lidia wa Filipi alikuwa muchuuzi wa nguo za rangi, na nyumba yake iliwapokea Paulo na wenzake. Kazi ya rangi si kazi ya aibu. Siku ya kwanza yenye inakuja, mbele ya fagio kupita, peleka kikapu kanisani.

Mubaki na amani.