Uso wa Nani?

Husemwa kwamba anayemchora maskini amekwisha kumtetea. Siafiki.

Mnamo 1622 hivi, Jacques Callot wa Nancy alitoa chapa 25 za ombaomba. Bamba la shaba hupakwa vanishi, likachorwa kwa sindano, na tindikali ikala palipokwaruzwa. Bamba moja huzaa nakala kwa mamia. Ufundi wake hauna mfano. Lakini tazama nyuma ya ombaomba wale: hapana nyumba, hapana mtaa, hapana jirani. Karatasi tupu! Na chapa ya kwanza yamwonesha jemadari wao na bendera iliyochakaa, ati umaskini ni jeshi la walaghai.

Karatasi tupu hiyo nimeiona tena katika picha za Kigoma. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongomani. Nduta, Kibondo, ikafunguliwa upya Oktoba 2015 Warundi walipomiminika. Tangu hapo picha ni ile ile: mama, mtoto, ndoo, vumbi jekundu. Waha wa vijiji vya jirani hawamo, wala masoko ya pamoja walikouziana na wakimbizi mihogo na maharage.

Niliwahi kupewa kazi ya kutafsiri maneno ya mzee mmoja wa Nduta aliyepigwa picha. Alizungumza nusu saa nzima: shamba lake la kahawa huko Ruyigi, usiku wa kuvuka mpaka, cherehani aliyoiacha kwa shemeji. Chini ya picha yakachapwa maneno matatu: “Mkimbizi akisubiri mgao.”

Watanijibu kwamba picha huleta unga. Huleta, sikatai. Watasema jina limefichwa kwa usalama wake. Mbona basi uso haukufichwa? Na lile shamba la kahawa, nalo lingemdhuru nani?

Mwaka 1630 Rembrandt, kijana bado, alichora ombaomba aliyeketi kwenye kichuguu, kinywa wazi, mkono ameunyoosha. Na uso ule ni wake Rembrandt mwenyewe. Chapa yenyewe haizidi kiganja. Simfanyi walii: huenda alikuwa akijizoeza mbele ya kioo tu, na kioo hakidai ujira. Hata hivyo aliutoa uso wake. Nanyi mnaopanda Kibondo na kamera zenu, nionesheni, katika maelfu ya picha mlizozirudisha, moja tu ambayo nanyi mmo.