Staa, Mchanga Umetoka Mwaloni: Dada wa Kufungasha Muache

Wiki mbili sasa mji mzima una stori moja tu. Yule staa wetu (jina nalihifadhi, mnamjua wenyewe) alizindua dagaa wake wa pakiti kwa mbwembwe zote, zulia jekundu, keki yenye umbo la mtumbwi, mpaka Jiwe la Bismarck likawekwa kwenye lebo. Pakiti kali, tusimnyime sifa yake. Siku kumi hazijaisha, mteja mmoja wa Nyegezi akaposti video: kamwaga dagaa kwenye bakuli jeupe, kaweka maji, kakoroga, kawatoa dagaa. Chini umebaki mchanga wa kujengea choo. Akaja wa pili na mchanga wake. Wa tatu ndiyo kabisa, dagaa wameota ukungu ndani ya pakiti na tarehe ya mwisho bado miezi minne.

Staa akaingia laivu. Watu tukakaa tukisubiri radhi. Kumbe tunaletewa kesi. "Wafanyakazi wangu wameniangusha," akasema, akatangaza kwamba dada aliyekuwa anafungasha ameondolewa na hasara itakatwa kwenye mshahara wake wa mwisho. Komenti zikajaa makofi na moto. "Safi bosi lady." "Hivyo ndivyo kampuni inaendeshwa."

Mimi sipigi makofi. Naona aliyehukumiwa siye.

Tuanze na hiyo "kampuni". Ina watu watatu. Staa mwenyewe, ambaye wiki nzima yuko Dar kwenye shughuli zake. Kijana mmoja anayefuata mzigo Mwaloni, Kirumba. Na huyo dada. Sasa dada kazi yake ilikuwa nini? Kuchambua, kukaanga, kupima, kufunga, kubandika lebo, kupeleka kwa bodaboda na kujibu meseji za wateja. Mtu mmoja. Halafu tunashangaa mchanga umempita.

Na mchanga wenyewe hautoki jikoni. Dagaa wa ziwa letu wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, mbalamwezi ikiwaka sana mavuno yanashuka, asubuhi wanaanikwa. Wapo wanaoanika kwenye vichanja, na wapo wengi tu wanaomwaga chini, juu ya mchanga, jua lifanye kazi yake kisha wanakusanya kwa fagio. Aliyekulia visiwani au kwenye mwalo wowote hii anaijua toka utotoni. Dagaa wa kichanja bei yake juu, wa chini bei yake raha. Kwa hiyo mchanga uliingia kwenye gunia kabla gunia halijapanda boti, na staa aliununua kwa kupenda bei. Ukungu nao una njia zake. Ama dagaa walinunuliwa hawajakauka vizuri, kipindi cha mvua hiyo ni kawaida, ama walifungwa wakiwa bado na moto wa kikaango, mvuke ukabaki ndani. Hilo la pili ndilo pekee unaloweza kumuwekea dada mezani. Na hata hapo ningeuliza nani aliahidi oda 300 kwa siku moja na jiko moja.

Wadau wengi kwenye komenti wanasema suluhisho ni mashine, au kuajiri "mtu wa ubora" mwenye koti jeupe. Hapana ng'wanawane. Biashara ya watu watatu haina hela ya koti jeupe. Ukiwa wachache huwezi kukagua kila kitu, kwa hiyo unachagua mlango ambao uchafu unaingilia na unasimama hapo. Kwa dagaa mlango ni gunia, siku ya kununua. Usichukue mkono wa juu ambao muuzaji kakupangia, zamisha mkono mpaka chini. Chukua kiganja, loweka kwenye bakuli jeupe, subiri dakika chache, angalia kilichozama. Ni jaribio lilelile alilofanya mteja wa Nyegezi, tofauti ni kwamba wewe unalifanya kabla hujalipa. Mvunje dagaa mmoja kwa vidole, mkavu anakatika, mbichi anapinda. Nusa. Dakika tano hazifiki.

Mlango wa pili ni kwenye kufunga, na hapa simu ya mkononi na peni ya marker vinatosha. Dagaa wapoe kabisa, weka mkono, kama bado unahisi joto, subiri. Kila baada ya pakiti kumi, ichukue moja uizamishe kwenye beseni la maji uiminye kidogo. Ikitoa mapovu, mashine yako ya kufungia haijabana, na zile kumi za nyuma zirudie. Ipime uzito hiyohiyo, maana kuna wengine wanauza gramu 250 ambazo ni 210, tunawajua. Andika tarehe na namba ya mzigo kwenye kila pakiti. Halafu, na hii ndiyo watu hawafanyi kabisa, kila mzigo weka pakiti moja kabatini, usiuze, usile. Mteja akilalamika unafungua ile ya namba yake. Kama ya kwako ni nzima, tatizo ni alivyohifadhi yeye au duka. Kama na ya kwako ina ukungu, unajua ni pakiti zipi za kurudisha, siyo zote. Staa wetu hakuwa na namba, ndiyo maana video tatu zimemchafulia hata pakiti ambazo hazikuwa na shida.

Kuna kitu kidogo nimekiona kwa mama mmoja wa karanga pale Mabatini. Aliyekaanga haonji. Anaonja mwingine, hata jirani wa fremu ya pili, kwa sababu aliyekaanga kutwa nzima pua na ulimi vimeshazoea moshi na mafuta. Mama hajasoma kozi yoyote ya ubora. Wateja wake wanatoka Igoma kumfuata.

Lakini haya yote ni bure kama hakuna mwenye ruhusa ya kusema "huu mzigo hautoki". Hapa ndipo hasira yangu ilipo. Nimeongea na yule dada. Anasema mchanga aliuona, akapiga picha, akamtumia bosi. Jibu likaja kwa sauti: "We funga tu, wateja wanasubiri." Sauti hiyo nimeisikia, siiweki hapa. Sasa huyu mtu alikagua, alitoa taarifa, akaamriwa afunge, akafunga, leo ndiye mzembe wa mji. Kesho akija mwingine kwenye nafasi yake akaona mchanga, mnadhani atapiga picha? Atanyamaza. Ukimfukuza anayeona, umebaki na wasioona.

Halafu hiyo ya kukata mshahara. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimruhusu bosi kukata tu hasara kwa sababu amekasirika laivu. Inatakiwa hasara iwe imetokana na kosa la mfanyakazi, aelezwe kwa maandishi sababu na hesabu yake, apewe nafasi ya kupinga, na akubali kwa maandishi. Dada amepewa nini? Kablokiwa WhatsApp. CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ipo hapahapa Mwanza, na malalamiko yana siku zake, kwa hiyo asikae akilia nyumbani.

Wapo watakaosema nakuza mambo, ni dagaa tu. Waulizeni wazazi wenu waliokuwa kwenye viwanda vya minofu ya sangara. Mwishoni mwa 1997 Ulaya ilizuia samaki wabichi kutoka huku kwetu kwa hofu ya kipindupindu. Mwaka 1999 ikazuia tena samaki wa Ziwa Victoria, safari hii kwa sababu ya habari za wavuvi wanaotumia sumu. Wavuvi wa sumu hawakuwa wote, ni baadhi. Lakini ziwa lilifungiwa lote, Tanzania, Kenya na Uganda, na watu waliokuwa hawajawahi kushika sumu wakakosa kazi. Fikirieni pale kiwandani: kulikuwa na majokofu, kulikuwa na wakaguzi, sakafu zinaoshwa. Ungemfukuza dada wa kukata minofu ungepata nini? Samaki alishaharibikia ziwani, usiku, kwenye mtumbwi ambao yeye hajawahi kuuona. Ilibidi watu warudi nyuma mpaka kwa wavuvi na mialo.

Na TBS? Ndiyo, pakiti ya staa haikuwa na alama, na komenti nusu zinapiga kelele hapo. Ni kweli tangu 2019 usalama wa chakula na vipodozi umetoka TFDA umeenda TBS, na ni kweli mjasiriamali mdogo akipitia SIDO, pale Nyakato, anaweza kupata alama bila kulipia ada miaka ya mwanzo. Staa anayeweza kununua keki ya mtumbwi hana sababu ya kutokwenda. Lakini msidanganyane. Mkaguzi hatakuja kulala kwenye jiko lako kila Jumanne unapopokea gunia. Nimeshaona pakiti zenye alama zina nywele ndani.

Kwa staa, kama unasoma, na najua unasoma maana wiki jana ulinitumia emoji ya kinyesi: hasara yako si kubwa kama unavyoiona. Chukulia pakiti moja ni shilingi 5,000 na mbovu ni 60. Hiyo ni laki tatu. Zulia jekundu la uzinduzi lilikuzidi hapo. Rudisha hela za wateja, lipa mshahara wa dada wote bila kukata, na kama ana moyo wa kurudi, mrudishe ukiwa umemuandikia kwenye daftari kwamba mzigo akiukataa umekataliwa, hata wewe ukiwa Dar unapiga simu kwa ukali. Na yule kijana wa Mwaloni mpe hela ya dagaa wa kichanja. Pakiti itapanda bei kidogo, tutanunua.

Ninyi mnaouza, iwe ubuyu, unga wa lishe, juisi, mafuta ya nazi: umewahi kuuzuia mzigo wako mwenyewe usitoke, na ulipoteza shilingi ngapi? Na ninyi mnaofungashia watu, ukiona kibovu bosi anakujibu nini? Tiririkeni hapo chini, majina ya watu muweke mfukoni.