Maji ya Nairobi yana somo kwa Juba

Hapa Atlabara, ambako wengi wetu tuliorejea kutoka Kenya bado tunanunua maji ya lori, hoja ya mji kuyatumia maji yake mara ya pili inavutia. Lakini hesabu yake ina mtego.

Tutazame Nairobi. Sehemu kubwa ya maji yake hutoka bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994 katika bonde la Mto Tana. Yakishatumika, majitaka husafishwa Ruai na kumwagwa katika Mto Nairobi, unaoingia Athi, bonde jingine kabisa. Huko chini wakulima huyavuta kwa pampu.

Je, hufika yote? Hapana. Jua huyakausha, mchanga huyanywa, mimea ya kingoni huyafyonza. Sisi wenyewe tunao mfano mkubwa zaidi: Bahr el Jebel ikishapita Mongalla na kuingia Sudd, takriban nusu ya maji yake hupotea.

Kwa maoni yangu, anayeahidi maji ya marudio apime kwanza mahali pawili, yanapomwagwa na yanapochotwa, kiangazi na masika. Kisha atenge yaliyoongezwa na vijito na yaliyovutwa njiani. Pengo linalobaki ndilo upotevu. Bila hivyo, mkulima atagawiwa maji hewa, na mchuuzi wa mboga atarudi mikono mitupu.