Mchezaji Hodari na Mwalimu wa Mpira

Kuna jambo linaloniudhi tangu muhula uliopita. Wenzangu wengi husema kwamba mchezaji akishika filimbi ya kufundishia amekwisha, kazi iliyobaki ni kukaa kivulini na kupiga kelele. Mimi sikubali.

Mtazameni Bwana Kinnah Phiri, aliyezaliwa mwaka 1954. Aliichezea Malawi zaidi ya mara 100, akafunga mabao zaidi ya 70. Alikuwa nyota wa timu iliyotwaa Kombe la Chalenji mwaka 1978 hapa nyumbani, na tena mwaka 1979 huko Kenya. (Nasema nyumbani, maana nimezaliwa Dzaleka, ingawa wazazi wangu walitoka Uvira.)

Lakini wafungaji hodari ni wengi. Mimi namsifu kwa yale aliyoyafanya alipokuwa hawezi tena kukimbia. Mwaka 2008 alipewa timu ya taifa, na mwezi wa Juni, mjini Blantyre, ikaifunga Misri 1-0, nao Wamisri ndio waliokuwa mabingwa wa Afrika. Kisha akaipeleka Malawi Angola kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika la 2010, mahali ambapo haikufika tangu 1984. Tarehe 11 Januari, mjini Luanda, Malawi iliifunga Algeria 3-0! Algeria hiyo ilifika nusu fainali, na mwaka ule ule ikacheza Kombe la Dunia. Waliofunga ni Mwafulirwa, Kafoteka na Banda. Kinnah hakugusa mpira.

Wenzangu hunijibu kwamba baadaye Malawi ilifungwa na Angola na Mali, ikarudi. Ni kweli. Hata safari ya kombe la 2012 ilikatika kwa sare ya 2-2 na Chad. Lakini je, mchezaji akikosa bao twasema hajui mpira?

Nakiri kwamba si kila hodari aweza kufundisha. Hapa kambini nilimwona mmoja, fundi kweli kweli, akiwakasirikia watoto kwa kuwa hawakuweza kufanya alivyofanya yeye. Baada ya majuma mawili alibaki peke yake na koni zake.

Sasa niseme yangu. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994 kwa watu kama 10,000. Leo tumepita 50,000, na kwenda Lilongwe, mwendo wa kilometa 45 hivi, kwataka ruhusa. Tumaini langu lilikuwa kuonwa na timu ya mjini. Mwaka jana niliumia goti. Mwalimu wa michezo akaniomba niwafundishe vijana wa Kidato cha Kwanza. Wenzangu wakaniita Mzee, nami kwa aibu nikakataa.

Nilipopata ruhusa ya kwenda hospitali Lilongwe, dereva wa minibasi na utingo wake walibishana juu ya Kinnah tangu Dowa hadi mjini. Dereva alisifu mabao ya zamani. Utingo, kijana asiyepata kumwona akicheza, alisifu siku ya Algeria. Nikawaza: huyu utingo amempata Kinnah wa pili tu, na amemtosha. Tena mwaka 2016 mzee huyo alikuwa Mbeya City, Tanzania, akiwafundisha vijana wanaosema Kiswahili kama sisi.

Basi naiomba shule yetu ichague wanafunzi wawili kila mwaka wajifunze kazi hii, wasingoje mpaka waumie kama mimi.

Jumatatu iliyopita nilianza. Nina vijana 18 na mipira miwili, mmoja hauna upepo wa kutosha. Yuko mtoto wa mguu wa kushoto ambaye amenizidi mimi nilipokuwa wa umri wake, bado sijamwambia. Anayetaka kunicheka na aje kiwanjani saa kumi jioni, ila aje na pampu.