Usimwamini kidole, wala programu

Leo naomba tuzungumzie treni, zile ndogo za mfano ambazo watu wazima huzijenga mezani. Kazi yangu ni kuandika programu, lakini katika mchezo huu kuna saketi moja ambayo naona kila mwandika programu anafaa kuielewa.

Pale reli moja inapogawanyika kuwa mbili, kuna ulimi unaosogea ili kuamua treni ishike njia ipi. Mitambo mingi ya kuusogeza, kwa mfano PL-10 ya kampuni ya Peco ya Uingereza, ina koili mbili: moja huuvuta ulimi upande huu, nyingine upande ule. Koili inataka umeme mwingi, amperi kadhaa, lakini kwa sehemu ndogo tu ya sekunde. Umeme ukizidi kukaa, koili inapata moto na kuungua. Ndiyo maana hutumika vitufe kama vya kengele ya mlango: ukibonyeza umeme unapita, ukiachia unakatika. Kila koili na kitufe chake.

Wengi huishia hapo. Mimi nasema bado kuna tatizo, kwa sababu usalama wa koili umeachiwa kidole. Mtoto akishikilia kitufe, au kitufe kikinata, koili kwaheri.

Sisi waandika programu tuna jibu la haraka: weka Arduino na transista, programu iwashe umeme kwa milisekunde 50 kisha iuzime. Inavutia, lakini tumehamisha tatizo tu. Programu ikiganda kabla ya kuzima, umeme unabaki umewaka. Kidole angalau huchoka; programu iliyoganda haichoki.

Jibu bora ni la zamani: kapasita. Chukua umeme wa volti 24 DC, upitishe kwenye risista ya omu 470 ya wati 2, ujaze kapasita ya mikrofaradi 2,200 inayohimili volti 35. Chunga tu usichanganye chanya na hasi. Vitufe vichukue umeme kwenye kapasita, si moja kwa moja kwenye chanzo. Ukibonyeza, kapasita inamwaga takriban jouli 0.6 kwa mpigo na ulimi unaruka. Ukiendelea kushikilia, risista inapitisha kama amperi 0.05 tu, ambazo haziunguzi koili. Gharama yake ni kusubiri kama sekunde tano kapasita ijae tena.

Kuna watakaosema Arduino ina saa ya ulinzi inayoanzisha programu upya ikiganda. Ni kweli, na itumike. Lakini saa hiyo lazima mtu akumbuke kuiwasha na kuipangia muda sawasawa. Kapasita haina cha kusahau: ikishamwaga umeme wake, imemaliza.

Sipingi programu hata kidogo. Ukitaka kitufe kimoja kipange njia nzima ya treni, programu ndiyo mahali pake. Ninachopinga ni kuifanya iwe mlinzi wa pekee. Iwe ni treni ya mezani, pampu ya maji au lango la umeme, kikomo cha hatari kiwekwe kwenye waya, mahali ambapo kosa la programu haliwezi kufika.