Chunusi Si Aibu, na Dawa Si Mchezo

Wako watu wasemao kwamba chunusi si maradhi. Husema kuwa mwenye chunusi haogi, au ana mawazo machafu, au hana budi kungoja tu mpaka aoe au aolewe. Maneno haya hutoka kinywani kwa wepesi wa unyoya, lakini humwangukia mwenye nazo kwa uzito wa jiwe. Nakuomba, msomaji wangu, tuyapime tuone kama yana ukweli.

Ngozi ya kila mtu ina tezi ndogo ndogo zitoazo mafuta. Wakati wa balehe tezi hizi huamshwa na homoni za mwili zikatoa mafuta mengi. Kinyweleo kikizibwa na mafuta hayo pamoja na seli zilizokufa, bakteria waishio humo huzidi, na mahali pale huvimba. Aghalabu vipele hivyo ni vichache, navyo hupoa. Lakini kwa baadhi ya watu huwa vinundu vikubwa chini ya ngozi, vyenye maumivu na usaha. Je, ni uchafu gani huo ukaao mahali pasipofikiwa na maji wala sabuni? Na huyo aambiwaye angoje, anangoja nini? Chunusi huweza kuondoka. Kovu lake halina desturi hiyo.

Ubaya mwingine wa maneno haya ni kwamba humsukuma kijana mikononi mwa wachuuzi. Mwenye aibu hatafuti tabibu, hutafuta maficho. Hununua krimu isiyo na maelezo ya kuaminika. Baadhi ya krimu hizo zina steroidi kali: kwanza uso hung'aa na muuzaji husifiwa, kisha ngozi huwa nyembamba, na vipele hurudi kwa kishindo. Nyingine zina zebaki, sumu idhuruyo figo. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Dawa za kweli zipo. Tabibu huanza kwa dawa za kupaka, na pengine viuavijasumu. Hizo zikishindwa, au makovu yakianza, iko isotretinoini, dawa iliyo jamaa ya vitamini A, ambayo iliruhusiwa Marekani mwaka 1982. Hupunguza tezi zenyewe za mafuta. Kwa kawaida humezwa pamoja na chakula kwa muda wa miezi 4 hadi 6, na wengi huimaliza safari hiyo wakiwa na ngozi safi.

Hapa mpinzani huinuka akasema, "Dawa hiyo ina madhara, heri chunusi." Nakubali kuwa ina madhara, lakini sikubali hukumu yake. Midomo hukauka na kupasuka karibu kwa kila aimezaye; naye huipaka mafuta ya mgando mara nyingi kwa siku. Macho hukauka, na pua huweza kutoka damu. Jua huunguza upesi, basi kofia na kivuli ni rafiki. Viungo na misuli huweza kuuma. Katika majuma ya kwanza chunusi huweza kuzidi kabla ya kupungua, na asiyejua jambo hili hukata tamaa mlangoni mwa nyumba aliyokuwa akiitafuta. Hizi ni adha, si maangamizi, na nyingi huisha dawa ikiisha.

Yako mengine ambayo hayana mzaha. Dawa hii humlemaza vibaya mtoto aliye tumboni. Kwa hiyo msichana hupimwa mimba kabla ya kuanza, na hapaswi kushika mimba wakati wa matibabu wala katika mwezi mmoja baada yake. Katika muda huo pia mtumiaji yeyote, mwanamke au mwanamume, hajitolei damu. Damu yake hupimwa ili ini na kiasi cha mafuta kijulikane. Hachanganyi dawa hii na doksisiklini wala na vidonge vya vitamini A. Akipatwa na huzuni nzito, au kichwa kikimuuma sana na macho yakaona ukungu, humwarifu tabibu siku ile ile. Dawa ya namna hii haiazimwi bwenini kama kalamu, wala hainunuliwi kwa siri.

Najua kwamba madaktari wa ngozi katika Kenya ni wachache, na wengi wao wako mijini. Lakini safari ya kwenda kwao huweza kuanzia kwa mganga wa zahanati iliyo karibu, mradi mgonjwa asione haya kubisha hodi.

Basi wewe ambaye uso wako ni laini, uzuie ulimi wako, maana hukuununua uso huo kwa wema wako. Na wewe mwenye chunusi kali, usijifiche wala usijitibu gizani. Mwenye malaria huenda kwa tabibu bila ya kuombwa radhi na mtu. Nawe una haki iyo hiyo.